iPod ya 2006, Classic ya 2009 au Zune: kama unataka kununua moja leo, soma hapa kwanza

Ukitumiwa picha ya iPod mtumba, ile pleya ya muziki ya Apple, usikae unakodolea upande wa mbele, mwambie muuzaji aigeuze. Mbele zote zinafanana, skrini juu gurudumu chini, nyeupe au nyeusi au ya kijivu, na hapo ndo watu wengi wanapigwa. Mgongoni kwenye yale maandishi madogo sana kuna namba ya modeli. Ukisoma A1136 hiyo ni iPod ya kizazi cha 5, ile tunayoita iPod Video, ya 2005 mpaka 2007. Ukisoma A1238 hiyo ni iPod classic, iliyoanza kuuzwa 2007 na kusimamishwa 2014. Na ukikuta mgongoni kumeandikwa Hello from Seattle basi hiyo sio iPod kabisa, hiyo ni Zune, ambayo Microsoft waliileta ipambane na iPod na haikufikisha hata miaka 5 sokoni.

Naandika hii kwa sababu siku hizi naulizwa sana, tena na vijana ambao hizi mashine zinatoka walikuwa bado wanabebwa mgongoni. Wanataka kitu cha kusikilizia muziki tu, kisichopiga kelele za meseji, kisichokula bando, kisichokatiza wimbo katikati kukuonyesha tangazo. Nawaelewa kabisa. Mimi ninazo mbili, iPod Video nyeusi ya 30GB ambayo binamu yangu aliniletea alipokuja likizo kutoka Marekani, na Zune 80 niliyoipata miaka mingi baadaye kwa mtu aliyekuwa anahama nyumba na anagawa vitu. Classic ya 2009 ninayoifahamu kwa karibu ni ya mdogo wangu, nimeifungua kwa mikono yangu mwenyewe na jasho lilinitoka. Kwa hiyo ninayosema hapa mengi nimeyashika.

Na niseme mapema ninapoelekea ili usije ukanisoma mpaka chini unatafuta jibu. Watu wote wanauliza ipi ina sauti nzuri. Mi nasema hilo swali liwe la tatu. La kwanza ni nyimbo zako zitaingiaje mle ndani, la pili ni siku ikizima nani ataifungua. Ukishajibu hayo mawili utajikuta umeshachagua.

Sasa turudi nyuma kidogo maana bila historia huwezi kuelewa kwa nini moja bado inadunda na nyingine inabembelezwa. iPod haikuwa ya kwanza duniani, hilo watu wanakosea sana. Mwaka 1998 kulikuwa na Rio ya kampuni ya Diamond, yenye memori ya 32MB, yaani albamu moja na ukibana sana. Mwaka 2000 Creative wakatoa Nomad Jukebox yenye 6GB lakini ilikuwa kubwa kama zile CD pleya za mkononi, huwezi kuitia mfukoni ukatembea vizuri. Kilichobadilisha mambo ni hadidiski ndogo ya Toshiba, ya inchi 1.8, ambayo Toshiba wenyewe walikuwa nayo na hawajui waiuze kwa ajili ya nini. Jon Rubinstein wa Apple akaiona Japani mapema 2001, akajua papo hapo, na Tony Fadell akapewa timu ya kujenga kitu kuizunguka. Tarehe 23 Oktoba 2001 Steve Jobs akaitoa mfukoni, 5GB, nyimbo 1,000, dola 399. Nyimbo ziliingia kwa waya wa FireWire, sio USB ya zamani ambayo ungeanza kuhamisha nyimbo ukaenda kupika ukarudi bado. Ilikuwa inakubali kompyuta za Mac tu, Windows ikaongezwa 2002, Aprili 2003 likafunguliwa duka la nyimbo la iTunes kila wimbo senti 99, Oktoba mwaka huohuo iTunes, programu ya kupakia nyimbo kwenye iPod, ikaja kwenye Windows na hapo ndo moto ukawaka. Aprili 2007 walikuwa wameshauza iPod milioni 100.

Hiyo A1136 ilitoka Oktoba 2005, ya kwanza kucheza video. Septemba 2006 wakaiboresha bila kubadilisha umbo, skrini ikawa na mwanga zaidi, ikaongezwa sehemu ya kutafuta wimbo kwa herufi, na ikaanza kuunganisha wimbo na wimbo bila kukatika katikati. Hii ya 2006 ndo wapenzi wanaita kizazi cha 5.5 na ndo ninayoizungumzia hapa. Namna ya kuitambua ni rahisi, ingia kwenye Music, ukiona neno Search mle kwenye orodha ni ya 2006, usipoliona ni ya 2005. Septemba 2007 ikaja classic, mbele chuma badala ya plastiki, 80GB na 160GB, mwaka uliofuata 120GB, na 2009 ikatoka ya mwisho kabisa, 160GB nyembamba. Septemba 2014, siku ileile walipokuwa wanazindua iPhone 6, wakaiondoa dukani kimyakimya. Tim Cook, bosi wa Apple wakati huo, alikuja kuulizwa baadaye akasema vipuri vyake havipatikani tena popote duniani.

Zune sasa. Hii nataka niikalie kidogo kwa sababu imeonewa sana, na imeonewa kwa haki na pia bila haki.

Ilitoka tarehe 14 Novemba 2006 Marekani, 30GB, dola 249, rangi tatu, nyeusi, nyeupe na kahawia, na hiyo ya kahawia watu waliisema mpaka leo hawajaacha. Ndani yake ni ndugu wa pleya moja ya Toshiba inaitwa Gigabeat S. Skrini inchi 3 wakati iPod ilikuwa na inchi 2.5. Ilikuwa na redio FM ndani, kitu ambacho iPod hizi hazina mpaka ununue kifaa cha kuchomeka. Na ilikuwa na waifai, mwaka 2006 hebu fikiria, unaweza kumrushia mwenzako mwenye Zune wimbo hewani. Wazo tamu kweli. Lakini wimbo uliorushiwa ulikuwa unacheza mara 3 au unakaa siku 3, halafu unafungwa, hata kama wimbo wenyewe umeurekodi wewe chumbani kwako na gitaa lako. Na waliokuwa wamenunua nyimbo kwa ule mfumo wa zamani wa Microsoft wenyewe unaoitwa PlaysForSure, wakakuta Zune haizichezi. Umemwamini mtu, umelipa, afu anakuja na mashine mpya anakwambia zile za jana hazihusiki. Hilo liliwauma watu na walikuwa na haki kuumia.

Upande wa pili, kuna kitu Microsoft walifanya ambacho mi nawapa heshima zao. Novemba 2007 walipotoa Zune 80 zenye sura mpya na mfumo mpya, wenye Zune 30 za mwanzo walipewa mfumo uleule bure. Hawakuambiwa wanunue nyingine. Na kulikuwa na Zune Pass, dola 14.99 kwa mwezi unasikiliza unachotaka kwenye ghala lao, na kuanzia mwishoni mwa 2008 unabaki na nyimbo 10 kila mwezi ziwe zako moja kwa moja. Ukiangalia jinsi watu wanavyosikiliza muziki leo, walikuwa wameona mbele.

Halafu ikaja ile asubuhi ya tarehe 31 Desemba 2008. Watu wameamka wanajiandaa kwa mkesha, wanawasha Zune 30 zao, zinaganda kwenye picha ya kuwaka, basi. Zote, kila mahali, siku moja. Tatizo lilikuwa kwenye kipande cha programu kinachohesabu tarehe. 2008 ulikuwa mwaka mrefu, wenye siku 366, na kile kipande kilikuwa kinapunguza siku za mwaka ili kijue tuko mwaka gani, sasa kilipofika siku ya 366 kikawa kinajiuliza je, siku zimezidi 366, hapana, basi rudi uulize tena, je zimezidi 366, hapana, kikazunguka hapohapo bila kutoka. Dawa iliyotolewa ilikuwa kuacha chaji iishe kabisa na kusubiri tarehe 1 Januari ifike mchana saa za Greenwich, ndo uchomeke. Walioathirika ni wa Zune 30 tu, 80 yangu isingeguswa, lakini jina lilishachafuka kwa wote.

Septemba 2009 ikaja Zune HD, ndogo, ya kugusa, skrini ya OLED inayong'aa rangi mpaka unataka kuilamba, na maandishi makubwa yanayokatwa na ukingo wa skrini kama bango. Ule muonekano ndo ulikuja kuzaa Windows Phone. Ukinionyesha Zune HD na iPod yoyote ya mwaka huo na kuniuliza ipi imebuniwa kwa mapenzi zaidi ntakuambia Zune HD, bila kufikiria mara mbili. Lakini Oktoba 2011 wakasema basi, hatutengenezi tena, na tarehe 15 Novemba 2015 huduma zote za Zune zikazimwa.

Haya, swali la kwanza, nyimbo zinaingiaje.

iPod zote mbili unatumia iTunes kwenye Windows, au kama una Mac yenye mfumo wa kuanzia Catalina wa 2019 iTunes haipo tena lakini iPod inatokea kwenye Finder, pale unapofungulia mafaili, na unaipakia kawaida. Hapo hakuna duka unalolazimika kuingia wala akaunti, nyimbo zako za MP3 ulizonazo zinaingia zilivyo. Na kitu kikubwa zaidi ni kwamba iPod ukiichomeka kwenye kompyuta inaonekana kama flashi ya kawaida. Nikupe mfano ulionigusa. Mjomba wangu alifariki akaacha iPod Video, kompyuta yake ilikuwa imekufa kabla yake, na mle kulikuwa na taarabu na dansi alizozihamisha yeye mwenyewe kutoka kwenye kaseti, miaka na miaka, usiku anakaa na redio kaseti na waya. Shangazi akadhani zimepotea. Nikaichomeka kwenye laptopu yangu, nikaruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane, nikaingia kwenye foleda inaitwa iPod_Control, ndani kuna Music, ndani kuna F00, F01, F02 zinaendelea, na kila moja imejaa mafaili yenye majina ya herufi nne zisizo na maana, LKQZ, BTWO, vitu kama hivyo. Ukiona unaweza kukata tamaa. Lakini majina ya kweli yako ndani ya kila faili kwenye tagi, yaani maelezo ya wimbo na msanii yaliyofichwa humo, nikayakokota yote nikayaweka kwenye programu ya kusoma tagi, na majina yakaanza kurudi moja moja, mengine kayaandika kwa mkato wake mwenyewe, "harusi ya zuhura upande b". Shangazi alikaa pembeni yangu anayasoma kwa sauti.

Zune hilo haliwezekani hivyo. Zune haionekani kama flashi, inaongea na programu ya Zune tu, tena kwa lugha iliyofungwa kwa ufunguo. Programu yenyewe ni nzuri, niseme ukweli, kuipitia ni raha kuliko iTunes, na watu bado wanaiweka kwenye Windows za sasa na inapakia nyimbo. Ila duka halipo, taarifa za wasanii zilizokuwa zinakuja kutoka kwenye seva hazipo, na kama unatumia Mac achana nayo kabisa. Kila siku ukiitumia unajua kwamba Windows ikibadilika siku moja ile programu ikagoma kufunguka, umebaki na kipande cha kioo kizuri chenye nyimbo ambazo huwezi kuzigusa. Mi yangu naipenda na naitumia, lakini sijawahi kuweka ndani yake wimbo ambao sina kopi yake mahali pengine.

Hapohapo kwenye nyimbo kuna jambo la aina ya mafaili na hili linatuhusu sana sisi. Kama ulikuwa unahamisha CD zako kwa Windows Media Player zile enzi za intaneti kafe, uwezekano ni mkubwa mafaili yako ni WMA, aina ya faili ya muziki ya Microsoft. Zune inayacheza moja kwa moja. iPod haiyachezi, iTunes ya Windows itakuomba iyabadilishe kwanza na kila ukibadilisha ubora unapungua kidogo. Kwa mtu mwenye ghala kubwa la WMA hii ni pointi ya Zune ya kweli.

Na tagi. iPod na Zune zote hazisomi jina la faili, zinasoma tagi iliyo ndani. Sasa nyimbo zetu nyingi tumezishusha huku na kule na kwenye tagi ya msanii kumeandikwa jina la tovuti, kwa hiyo unapakia nyimbo 400, unafungua iPod, unakuta msanii mmoja tu anaitwa www nanihii dot com ana nyimbo 400. Na zile za dansi ya zamani kutoka kwenye CD za kuchoma zote zinaitwa Track 01, Track 02. Ukiwa na uvumilivu unakaa na Mp3tag, programu ya kurekebisha tagi, jioni mbili tatu unasafisha, na ni kazi nzuri tu ukiwa na chai. Usipokuwa nao, kuna Rockbox. Huu ni mfumo wa bure uliotengenezwa na watu wa kujitolea, unauweka kwenye iPod badala ya ule wa Apple au pembeni yake, na unakuwezesha kupita kwenye foleda kama ulivyozipanga mwenyewe kwenye kompyuta, tagi ziwe chafu ziwe safi. Hauhitaji iTunes tena, unakokota nyimbo unadondosha. Unacheza aina nyingine za mafaili kama FLAC, Ogg na hata hizo WMA. Rockbox inakubali iPod Video na classic. Zune haikubali, na kinachoniuma ni kwamba ile Gigabeat S ya Toshiba, ndugu yake wa damu kabisa, inakubali.

Swali la pili, nani ataifungua. Hizi mashine zina miaka karibu 20 na hadidiski ni kitu kinachozunguka, kitakufa, sio kama, ni lini. Betri ndo usiseme.

iPod Video ndo rahisi kuliko zote. Mbele ni plastiki, unatumia kile kipande chembamba cha kupigia gitaa unapitisha pembeni, vishikizo vinaachia kimoja kimoja, tak, tak, tak. Ukishaachanisha usivute kwa pupa, kuna utepe mdogo wa betri upande mmoja na utepe wa tundu la hedifoni upande mwingine, wa betri una kilatchi kidogo cha kahawia, kinyanyue kwa kucha kwanza ndo utoe. Mafundi wengi wa simu wanaichana hapo kwa haraka. Ndani unatoa hadidiski, unaweka kibao cha iFlash kinachopokea memori kadi, kuna cha kadi moja na kuna cha kadi nne, unafunga. Baada ya hapo haina kinachozunguka, inakuwa nyepesi, chaji inakaa zaidi, na ukiidondosha moyo haukupasuki. Kitu cha kuzingatia ukichagua, ile ya 30GB ina RAM, memori ya kufanyia kazi, ya 32MB na ya 80GB ina 64MB. Kama unataka kujaza makumi elfu ya nyimbo tafuta ya 80GB, ya 30 itaanza kusuasua. Kwa nyimbo elfu kadhaa kama zangu hutaona tofauti.

Classic ni habari nyingine. Chuma mbele chuma nyuma, vishikizo vimekaza pande zote, unahitaji kisu chembamba na roho ngumu, na ukingo wa mgongo unapinda hata ukiwa makini. Ya mdogo wangu ilinichukua karibu saa nzima na mpaka leo kuna sehemu pembeni ukipitisha kidole unasikia kibonde. Ndani ukishafika kazi ni ileile, na hii ya 2009 inapokea kadi kubwa bila ubishi, wakati classic za 80GB na 120GB mfumo wake wa asili hauoni zaidi ya 128GB. Kwa hiyo usinunue classic ya 2007 au 2008 ukidhani ni sawa tu na ya 2009 kwa vile namba mgongoni ni ileile A1238. Angalia uwezo ulioandikwa, 160GB na iwe ile nyembamba.

Zune, wapo waliobadilisha hadidiski za 30 na 80 wakafanikiwa, lakini njia ni nyembamba. Ziliuzwa Marekani na baadaye Canada tu, milioni 2 hivi kufikia katikati ya 2008, linganisha na zile milioni 100, kwa hiyo spea ni chache na wanaojua ni wachache. Zune HD haina hadidiski, memori yake imegandishwa kwenye kibao, ulichonunua ndo hichohicho, 16, 32 au 64.

Sauti sasa, maana najua kuna mtu anasubiri. iPod Video ina chipu ya sauti ya Wolfson na wapenzi wengi wanaapa kwamba ina joto kuliko classic ambayo ina ya Cirrus Logic. Nimekaa nazo zote mbili usiku, wimbo mmoja, hedifoni ileile, nabadilisha waya. Tofauti ipo lakini ni ndogo sana, na hedifoni mbaya itaimeza yote. Zune 80 masikioni mwangu iko sawa nazo. Weka pesa yako kwenye hedifoni. Na kumbuka hakuna hata moja yenye Bluetooth kati ya hizi, ni waya, kama hupendi waya ishia hapa.

Chaji kwa ahadi ya kiwandani ilikuwa saa 14 kwa iPod ya 2006 yenye 30GB, saa 20 kwa ya 80GB, saa 36 kwa classic ya 2009, saa 33 kwa Zune HD ukizima waifai. Betri ya zamani haitakupa hata nusu, badilisha. Redio ni Zune pekee. Kuhusu kushika mkononi, hilo gurudumu la iPod bado sijaona kitu kinacholishinda, unazungusha kidole unapita nyimbo 500 kwa sekunde chache, ule mlio mdogo wa kik kik unakwambia uko wapi bila kuangalia. Zune 30 ina duara linalofanana na gurudumu lakini halizunguki, ni batani nne tu, ilinichanganya nilipoishika ya rafiki yangu. Zune 80 ina kile kipedi cha kugusa, kizuri, sio kama gurudumu.

iPod touch ya mwisho ya 2019, iliyosimamishwa Mei 2022, nataja haraka tu. Ina Bluetooth na tundu la hedifoni na aplikesheni za kustrimu, ila imeishia mfumo wa iOS 15 na kimsingi ni simu isiyopiga simu, meseji na matangazo yatakufuata humohumo. Kama unachokimbia ni hicho, sio yako. Na kama historia haikuhusu na unataka tu pleya yenye kadi na Bluetooth, nunua mpya, Sony bado wanatengeneza Walkman, huna sababu ya kuhangaika na mitumba.

Basi ningekuwa mimi. Mtu anayependa kushika bisibisi, ana nyimbo zake mwenyewe, tagi zimevurugika, iPod ya 2006 bila kuuliza, ya 80GB ikipatikana. Mtu ambaye hataki kufungua chochote na ana nyimbo nyingi mno, classic ya 160GB ya 2009, na atafute ambayo tayari imeshawekwa kadi na mtu anayeaminika. Zune 80 au HD mpe mtu mwenye Windows, mwenye WMA zake, anayependa vitu vilivyobuniwa vizuri na anajua anachokipokea. Zune 30 ichukue ukipewa bure.

Na ukienda kuikagua iPod nenda na hedifoni na waya wako wa pini 30, ule mpana. Iwashe, halafu shika Menu na batani ya katikati pamoja mpaka ijizime, tufaha likitokea tu shika batani ya katikati na ya kurudisha nyuma, itaingia kwenye ukurasa wa vipimo wa mafundi. Nenda IO, kisha HardDrive, kisha HDSMARTData. Angalia namba mbili, Reallocs na Pending Sectors, ndo zinazoonyesha sehemu za hadidiski zilizoharibika au zinazoelekea kuharibika. Zikiwa sifuri au chache sana hadidiski bado ina pumzi, zikiwa mamia punguza bei hapohapo kwa kiasi cha kibao na kadi. Halafu iweke sikioni bila hedifoni wakati wimbo unaanza, utasikia inapumua taratibu, ikigonga tik tik tik inakufa. Mwisho iweke mezani chali, bonyeza kona. Ikichezacheza kama kiti kibovu, betri imevimba, na betri iliyovimba inaisukuma skrini kwa ndani, kwa hiyo itazame kwa pembeni uone kama mbele na nyuma bado zimefungana. Niliwahi kuuziwa moja hivyo na jamaa aliyekuwa anaishikilia kwa vidole vyake viwili muda wote akinionyesha, kumbe alikuwa anaibana isifunguke.